Ebola ya Beni na Butembo 2018–2020: kwa nini watu waligoma, na nani hasa aliyeizima

#1 | Mwana wa Graben (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Kila ugonjwa mkubwa ukizuka huku kwetu Maziwa Makuu, hakosekani mtu wa kuandika kwamba "Wakongo ni wabishi, ndiyo maana Ebola yao iliwachukua karibu miaka miwili". Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi mno na leo nimeamua kuyajibu kwa kirefu. Mimi ni mzaliwa wa Butembo. Wakati wa mlipuko nilikuwa mhamasishaji wa kartie, yaani mtaa, wale tunaowaita reko, kazi yangu ikiwa kupita nyumba kwa nyumba. Anayetaka kubishana nami karibu sana, ila asome hadi mwisho kwanza.

Tuanze na watu wenyewe, maana taarifa nyingi huanza na kirusi na kuwaruka watu.

Beni na Butembo ziko Kivu Kaskazini, upande huu wa milima ya Rwenzori. Wengi wetu ni Wanande, au Bayira tukijitaja wenyewe. Butembo ni mji uliojijenga. Barabara, umeme, uwanja wa ndege wa Rughenda, Chuo Kikuu cha Graben kilichofunguliwa mwaka 1989, vyote vina jasho na michango ya wafanyabiashara, waumini na wakulima. Miaka ile serikali ya Mobutu ilipokuwa imetusahau, Askofu Emmanuel Kataliko ndiye aliyekuwa akihimiza watu watengeneze barabara kwa nguvu zao. Tuna likirimba, vyama vyetu vya kusaidiana, ambamo mtu akifiwa au akiezekewa nyumba hasimami peke yake. Kwa hiyo mtu wa kwetu amelelewa akijua kwamba kazi ya jamii hufanywa na jamii, na kwamba anayefika kutoka mbali akiwa na bunduki mara nyingi amekuja kuchukua.

Sasa ongeza hili. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanachinjwa kwa mapanga, usiku, mashambani na hata pembezoni mwa mji. Ebola ilipofika, waliouawa walikuwa wameshapita 1,000. Wanajeshi wa serikali walikuwepo. Kofia za bluu za Umoja wa Mataifa zilikuwepo. Mauaji yaliendelea.

Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa kwamba Mangina, mji mdogo karibu na Beni, kuna Ebola. Haikuchukua muda barabara ikajaa magari meupe yenye bendera, hoteli zikajaa wageni, bei ya kupanga nyumba ikapanda. Jopo zima la kukabiliana na ugonjwa likaitwa Riposte, na hilo ndilo jina kila mtu analolijua hadi leo.

Nilipokuwa nikibisha hodi, swali la kwanza halikuwa Ebola ni nini. Lilikuwa: "Mulikuwa wapi?" Mama mmoja wa makamo aliniuliza hivyo huku anamenya mihogo, wala hakuinua uso. Alikuwa amezika watoto wa dada yake waliouawa shambani. Akaniambia, walipokufa kwa panga hakuja mtu hata kuandika majina yao, leo mmekuja na daftari kuuliza nani ana homa. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kujibu maswali kuhusu popo, damu na kunawa mikono. La mama yule halikuwemo kwenye kijitabu.

Septemba 2018, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima. Ya pili haikuzunguka sana: walioamini kwamba viongozi wa eneo lao wanasimamia maslahi yao hawakufika theluthi. Na utafiti huohuo ulionyesha kwamba asiye na imani na viongozi ndiye aliyekuwa mgumu zaidi kukubali chanjo na kwenda hospitali. Kwa hiyo ubishi mnaousema ulikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe haukuwa ujinga wa sayansi.

Halafu ikaja kura. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu nje ya Kongo jambo hili limesahaulika kabisa.

Uchaguzi mkuu ulipangwa tarehe 30 Desemba 2018. Tarehe 26, siku nne kabla, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Rais mpya angeapishwa Januari, yaani kura yetu ingepigwa kwa kiti kilichokwisha kaliwa. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa yanajaa kila Jumapili, ila sanduku la kura ndilo likaambiwa lina Ebola. Na kila mtu alijua eneo letu lilikuwa ngome ya upinzani.

Kesho yake, tarehe 27, waandamanaji wa Beni wakavamia kituo cha wagonjwa wanaoshukiwa, na wagonjwa wakatawanyika. Hiyo mliisikia kwenye habari. Tarehe 30 watu wa Beni haohao wakajiandalia uchaguzi wao wenyewe, na karatasi zao na masanduku yao. Wakapanga foleni tangu asubuhi, na kabla ya kupiga kura wakanawa mikono.

Mji uleule, juma lilelile. Palipotumika Ebola kuwanyang'anya haki, walivunja. Palipokuwa kazi ni yao, walinawa mikono bila kuhimizwa na reko yeyote. Mimi niliyekuwa nalipwa kuwahimiza wanawe nilijifunza hapo kuliko kwenye semina zote.

Nitaendelea. Kwanza nipokee maoni.


#2 | Kipima Joto

Mleta uzi nakuheshimu, lakini unapamba. Vituo vilichomwa. Daktari aliuawa kwa risasi akiwa kazini. Mauaji hayo utayaita kudai haki? Ugonjwa unaoua zaidi ya nusu ya wanaoupata hausubiri siasa zenu ziishe. Hapo dola inatakiwa ikaze mkono, mengine baadaye.


#3 | Mwana wa Graben

Kipima Joto, asante kwa kulisema waziwazi.

Dkt. Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa tarehe 19 Aprili 2019 katika kliniki za chuo kikuu pale Butembo. Aliacha nchi yake kuja kututibu. Sitafuti udhuru wa waliomuua na hakuna Mnande mwenye akili zake anayewatafutia. Kulikuwa na vikundi vyenye silaha vyenye malengo yao, kulikuwa na wanasiasa waliosema redioni kwamba ugonjwa umetengenezwa ili kutumaliza, na kulikuwa na watu waliogombania fedha za Riposte. Huko Lwemba, upande wa Ituri, mtangazaji Papy Mumbere Mahamba aliuawa Novemba 2019, naye alikuwa akiendesha kipindi cha kuelimisha kuhusu Ebola. Yeye alikuwa mwenyeji kabisa. Kwa hiyo usidhani walioumia ni wageni tu.

Lakini hoja yako ya kukaza mkono, ndugu yangu, ilijaribiwa. Hatukuhitaji kuikisia. Vituo vya Madaktari Wasio na Mipaka vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa, tarehe 24 na 27 Februari 2019, ulinzi uliongezwa. Polisi na wanajeshi wakasindikiza timu za chanjo, timu za mazishi, hata za kufuatilia waliokutana na mgonjwa. Machi, Joanne Liu, aliyekuwa rais wa shirika hilo, alisema hadharani Geneva kwamba mapambano hayo yanashindwa kwa sababu jamii haina imani nayo, na kwamba nguvu zinazidi kuwasukuma watu mbali. Wakati huo zaidi ya 40% ya vifo vilikuwa vinatokea nyumbani, nje ya vituo. Mwisho wa Aprili wagonjwa wapya wakawa wanapita 100 kwa juma moja, idadi ambayo hatukuwahi kuifikia kabla ya hapo.

Mtu akiona askari anakuja na daktari, anamficha mgonjwa. Anamhamisha usiku kwa pikipiki hadi kwa shangazi kijiji cha pili. Kirusi kinapanda pikipiki hiyohiyo. Askari anabaki na nyumba tupu.

Tena fikiria askari yule anaongea lugha gani. Wengi walikuja wakizungumza Kilingala, na baadhi ya wataalamu kutoka Kinshasa vilevile, au Kifaransa. Kwa mtu wa mashariki Kilingala ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Unaombwa mkono wako uchomwe sindano kwa lugha ambayo umezoea kuombwa nayo pesa ukiwa umeelekezewa bunduki.


#4 | Omwana wa Bukoba

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu sisi Kagera tumepita njia inayofanana, japo kwa udogo.

Machi 2023 watu wa Bukoba Vijijini walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 Machi Serikali ikatangaza ni Marburg, ndugu yake Ebola. Hadi mwisho walikuwa wagonjwa 9 na waliofariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Waliokutana na wagonjwa na kufuatiliwa walikuwa zaidi ya 200. Tarehe 2 Juni tukatangaziwa umeisha. Ninachokumbuka ni kwamba aliyekuwa akija nyumbani kuuliza hali zetu ni mtu tunayemjua. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani amesafiri na nani amepokea mgeni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye yuleyule anayepima watoto uzito. Huwezi kumfungia mlango mtu anayejua jina la bibi yako.

Ila sitaki kujisifu kupita kiasi. Januari 2025 Biharamulo tulianza vibaya. Wizara ilisema vipimo havikuonyesha Marburg, kisha tarehe 20 Januari Rais mwenyewe akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Ndani ya siku zile chache watu vijiweni walikuwa wanauliza tushike lipi. Mlipuko ulipoisha Machi, wote 10 waliohesabiwa walikuwa wamefariki: 2 waliothibitika na 8 waliodhaniwa. Serikali ikisema jambo leo na kesho likawa jingine, anayebeba aibu ni mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu yeye ndiye anayeulizwa dukani.


#5 | Mangina Yetu

Jambo bandugu. Miye niko muntu ya Mangina, kule kwenye ilianzia. Sijue kuandika Kiswahili ya Tanzania, munisamehe.

Ile mwenye uzi anasema ni kweli, lakini hayajagusa mazishi na kwetu mazishi ndio ilileta mawe. Mutu akikufa, famille banamunawisha, banamuvalisha nguo yake ya muzuri, banalala naye, batu ya kanisa banaimba. Bale ba Riposte bakafika na gari bamevaa ile manguo nyeupe tangu kwenye bametoka, hatuone hata macho yabo. Banatia baba mu mufuko, banafunga, banaenda kuzika. Tukauliza: tutajua aje kama ni yeye eko mule ndani? Bengine bakasema bametoa moyo na maini, bametia mawe. Nani angewajibu? Mufuko ilikuwa imefungwa.

Kisha bakaanza kufundisha vijana ya kwetu. Kijana anafika na nguo yake ya kawaida, anasema jina yake na jina ya baba yake, anasalimia wafiwa, ndipo anavaa mbele yetu. Na mufuko ya mupya ilikuwa inaonesha sura. Mutu mumoja wa famille banamuvalisha naye, anakaribia, anaona ni baba kweli. Tunachagua fasi ya kuzika. Tunatia nguo yake mu sanduku. Pasta anaomba, kila mutu anasimama mbali kidogo.

Hapo hatukutupa mawe tena.


#6 | Mwana wa Graben

Mangina Yetu, Mungu akubariki. Umeandika kitu ambacho ripoti nyingi zimekizungusha kwa kurasa na kurasa.

Niongeze kwamba hiyo mifuko inayoonyesha sura haikutoka hewani. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakipita mitaani wakiandika kila wanachoambiwa: maswali, tetesi, matusi, vyote. Wakaandika vilevile vilivyo, bila kuvisafisha. Malalamiko kuhusu mfuko uliofungwa yakajirudia hadi mfuko ukabadilishwa. Mimi nilipoambiwa kwamba neno lililosemwa kibarazani limebadilisha kifaa, nilianza kuandika kwa bidii zaidi. Na nilirudi kwenye nyumba zilezile kuwaambia, mlichosema kimefanyiwa kazi. Kurudi kule kulikuwa muhimu kuliko ziara ya kwanza. Kabla ya hapo tulikuwa tunachukua maoni ya watu kama karani wa sensa, hatuonekani tena.


#7 | Rwenzori Magharibi

Wasingya mno kwa uzi huu. Mimi ni Mkonzo wa Kasese, Uganda. Sisi na Wanande sote ni Bayira, kwa hiyo nawasoma kama ndugu.

Juni 2019 Ebola ilivuka kuja kwetu na familia moja. Walikuwa wameenda Kongo kumuuguza na kumzika babu, wakarudi. Alikufa mtoto wa miaka 5, kisha bibi yake, kisha mdogo wake. Uganda haikusambaa zaidi ya hapo. Watu husifu hospitali na vipimo vya mpakani Mpondwe, na wanastahili sifa. Lakini wenye mpaka wetu wanajua njia za panya ni nyingi, mto unavukwa kwa miguu, na siku za soko pande zote mbili zinachanganyika. Hakuna askari wa kutosha kuziba mpaka wa watu wenye ukoo mmoja. Kilichosaidia ni kwamba mtu akiwa na mgonjwa aliyetoka ng'ambo, jirani anajua, na jirani alikuwa ameshafundishwa amwambie nani.

Mkiambiwa fungeni mpaka, kumbukeni kwamba kwa Bayira mlima umesimama katikati ya nyumba moja.


#8 | Mama wa Mulekera

Wanaume mmeongea vizuri. Sasa nami niseme la kwetu.

Zaidi ya nusu ya waliougua Ebola ile walikuwa wanawake. Nani anamwogesha mgonjwa? Nani anafua shuka zilizotapikiwa? Nani anakwenda na mtoto kwenye zahanati ya mtaani, anakaa kwenye benchi moja na wagonjwa wengine siku nzima? Lakini mikutano ya "viongozi wa jamii" iliyoitwa pale mjini, ukifungua mlango unakuta makoti na tai. Mashefu wa kartie, wachungaji, wafanyabiashara. Mwanamke alikuwepo kugawa soda.

Na kuna lililotendeka gizani. Tarehe 28 Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa ripoti kuhusu wanawake na wasichana waliotakwa kingono na wafanyakazi wa Riposte ili wapate kazi, au waliobakwa. Watuhumiwa 83 walitajwa, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Miongoni mwa watuhumiwa walikuwemo wageni na Wakongo wenzetu. Wasichana walikuwa wanatafuta kazi ya kupika, kufagia, kupima joto kwenye vizuizi vya barabarani.

Kwa hiyo mnapozungumzia jamii kushiriki, ulizeni alishiriki nani, na aliyegawa kazi alidai nini. Mtaani kwetu sisi tulijua mapema. Kulikuwa na namba ya simu ya kuripoti mwenye homa. Ya kuripoti bosi hatukuiona.


#9 | Mwana wa Graben

Mama, sina la kupunguza hapo. Umesema kweli tupu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye mikutano ile ya makoti.

Nimeahidi kueleza nani aliyeizima, kwa hiyo niendelee, na nitaanza na wanawake kwa sababu ndipo palipoanzia.

Beni, jirani na kituo cha matibabu, palifunguliwa kitalu cha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Kilisaidiwa na UNICEF. Walezi walikuwa wanawake walioupona ugonjwa. Mwili wao ulikuwa umeshajenga kinga, hivyo wangeweza kumbeba mtoto kifuani, kumlisha na kumbembeleza wakati wengine wote walilazimika kumshika kwa glavu. Sasa waza mtaa mzima unamwona mama aliyetoka kituoni mzima, amenenepa, amebeba mtoto wa jirani. Hakuna bango lililoweza kushindana na hilo. Waliopona walikuwa 1,171 mwisho wa mlipuko, na wengi wao waligeuka kuwa mashahidi wetu wakubwa: madukani, kanisani, kwenye redio za mtaa. Nao walilipa gharama, maana wapo waliokimbiwa na wateja na waliofukuzwa nyumba za kupanga.

Kingine ni chumba cha plastiki angavu kilicholetwa na shirika la ALIMA, kinachoitwa CUBE. Mgonjwa yuko ndani, muuguzi anamhudumia kwa mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani, na ndugu wanasimama nje wanamwona na kuongea naye. Zamani mgonjwa aliingia nyuma ya turubai akatoka maiti. Watu wakasema anauliwa mle ndani. Turubai lilipoondoka, tetesi zikapungua zenyewe. Agosti 2019 ikathibitishwa kwamba dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zinaokoa watu wengi hasa wakiwahi. Mmoja wa waliohangaikia hilo kwa miaka ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyeiona Ebola tangu Yambuku mwaka 1976, na ambaye Julai 2019 alikabidhiwa uongozi wa mapambano yote. Kuambiwa "wahini, dawa ipo" ni tofauti kabisa na kuambiwa "leteni mgonjwa wenu tumtenge".

Jambo la tatu ni kero ambayo tuliibeba kila mlangoni. Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo, wengi wakiwa watoto. Ebola yetu, kwa muda wake wote, iliua 2,287. Mama anaona mtoto wake anakufa kwa surua au malaria kwenye zahanati isiyo na dawa, halafu gari linapita kumtafuta mwenye Ebola. Ndiyo maana wakaanza kuita jambo zima biashara ya Ebola. Palipochimbwa kisima, palipoletwa dawa za malaria, palipotengenezwa paa la zahanati, hapo ndipo hata milango yetu sisi reko ilifunguka. Kwa nini mtu akuamini kuhusu ugonjwa mmoja ikiwa mengine yote yanayomuua huyaoni?

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470. Chanjo zaidi ya watu 300,000. Ni wa pili kwa ukubwa katika historia, baada ya ule wa Afrika Magharibi.

Lakini ushahidi ninaouthamini zaidi ulikuja baadaye. Februari 2021 Ebola ikarudi, safari hii eneo la Butembo. Msafara mkubwa haukuja. Walioshika usukani ni wauguzi wetu, maabara yetu, mashefu wa kartie, reko wale waliobaki, vijana wa mazishi, waliopona. Wagonjwa 12, vifo 6, na Mei 3 ikawa imekwisha. Oktoba mwaka huohuo ikaibuka Butsili, Beni. Wagonjwa 11, vifo 9, na kabla ya Krismasi imekwisha. Mauaji hayakuwa yamekoma. Wanande walikuwa walewale mnaowaita wabishi.


#10 | Kipima Joto

Mkuu nimekuelewa zaidi. Ila 2021 mlikuwa na chanjo, dawa na uzoefu kutoka mwanzo. Usiwape wenyeji sifa yote. Bila mafuta ya fedha za wageni mngetoka wapi?


#11 | Mwana wa Graben

Kweli, chanjo ilikuwepo. Lakini chanjo hiyohiyo ilikuwepo tangu Agosti 2018, na watu waliikimbia. Ulikuwa utaratibu wa pete: anachanjwa aliyekutana na mgonjwa, na aliyekutana na huyo. Kwa daktari una mantiki. Kwa mtaa, ni gari linaingia uani kwa fulani, linamchanja yeye na wanawe, linawaacha majirani. Kesho yake fulani yule anatazamwa kama mgonjwa, au kama aliyehongwa. Baadaye watu waliruhusiwa kuchanjwa mbali na nyumbani kwao, mahali ambapo jirani hamhesabu, na foleni zikaonekana. Wazo hilo la aibu ya uani halikuwa kwenye dawa. Lilikuwa kwa watu.

Fedha za wageni zilisaidia, sikatai na nashukuru. Pia zilituchosha. Ukimlipa kijana wa mtaa mmoja na kumwacha wa mtaa wa pili, umegawa mtaa. Sisi reko wenyewe tulianza kuulizwa: unakuja kwa sababu unanipenda au kwa sababu ya posho?


#12 | Afisa Afya Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya vijijini Tanzania miaka mingi na nimeipenda mada hii. Swali langu ni la vitendo. Tuseme kesho umetumwa wilaya usiyoijua, ugonjwa umethibitishwa, una saa chache. Unaanzia wapi? Maana sote tumeona ile barua ya "kushirikisha jamii" ikiishia kwenye kikao na mtendaji wa kijiji na picha ya pamoja.


#13 | Mwana wa Graben

Mzee wangu shikamoo. Nitakujibu kwa niliyoyaona, wewe utapima.

Ningeuliza kwanza nani huchimba makaburi hapo. Kila mtaa una vijana hao, wanajulikana kwa majina, na mara nyingi hawamo kwenye orodha ya kiongozi yeyote. Wanajua nani amekufa wiki hii, wapi, na familia ilisema amekufa kwa nini. Kwetu hata shefu wa nyumba kumi, maana nasi tuna nyumba kumi kama ninyi, husikia habari ya msiba baada yao. Kisha mkunga wa mtaani. Kisha mwenye duka la dawa, kwa sababu mwenye homa hupita kwake kabla ya kufika kwako. Kisha mwenye pikipiki anayebeba wagonjwa usiku. Hawa ndio tayari wamo ndani ya mlipuko kabla wewe hujafika. Wape vifaa vya kinga siku ileile, hata kama semina bado.

Mtendaji utamwona, ni lazima na ni heshima. Ila usimfanye yeye ndiye mlango pekee. Muulize mama ntilie wa pale stendi vilevile, na ukitaka akina mama waseme, waite peke yao, mwanamke mwenzao ndiye awaulize.

Usiende na askari isipokuwa wenyeji ndio wamekuomba.

Na lile swali la "mlikuwa wapi" ujue litakuja, kwa lugha yoyote ya wilaya hiyo. Mimi nilimaliza kwa kulijibu hivi: "Hatukuwepo. Nawe una haki ya kukasirika. Nitaandika ulichosema na nitarudi Alhamisi kukuambia kimefika wapi." Halafu Alhamisi nilirudi. Mara nyingine nilirudi bila jibu lolote, nikasema sina jibu, nikakaa, nikapewa chai. Yule mama wa mihogo alikubali kuchanjwa baada ya mimi kurudi hivyo mara kadhaa. Aliyemshika mkono wakati wa sindano alikuwa mpwa wake, kijana wa timu ya mazishi, wala si mimi.


#14 | Afisa Afya Mstaafu

Marahaba mwanangu. Wachimba makaburi... Miaka yote hiyo hatukuwahi kuwaweka kwenye orodha. Kuna kijana wangu yuko Biharamulo, namtumia uzi huu sasa hivi.